Kinyozi hajinyoi: historia ya wembe kwa mwenye kutaka kuanza

Leo tuache siasa kidogo, tuongee wembe. Sisemi kile kiwembe chembamba cha kutupa. Nasema wembe wenyewe, ule mrefu wa kukunja, wenye mpini, unaonolewa. Vijana wengi wameuona kwenye simu: jamaa amelala kwenye kiti cha ngozi, povu jeupe usoni, kinyozi anaupitisha taratibu, muziki unapiga. Halafu wanauliza: na sisi huku Salamabila, mtu anaanzaje? Wengine wanataka kujinyoa nyumbani tu. Wengine diploma iko ndani ya sanduku, kazi hakuna, na wanawaza saloni kati ya wachimba dhahabu, maana mchimbaji akitoka shimoni na pesa kidogo, kitu cha kwanza anatafuta sura.

Mimi nilisoma historia, sikusoma unyozi. Lakini naona swali hili historia inalijibu vizuri kuliko video, kwa sababu video zinaficha jambo moja kubwa. Ule wembe, kwa sehemu ndefu ya maisha yake, haukuwa chombo cha mtu peke yake mbele ya kioo. Ulikuwa chombo cha watu wawili: mmoja anashika, mmoja anatoa shingo. Wahenga waliposema kinyozi hajinyoi, sisi tunaigeuza kuwa fundisho la kusaidiana, na ni sawa. Ila kabla ya kuwa fundisho ilikuwa taarifa ya kazi. Kisogo chako huwezi kukiona. Kinyozi hajinyoi kwa sababu hawezi, bana.

Tuanze na neno. Kuna watu wanadhani unadhifu ulikuja huku na Waarabu, halafu ukaongezwa na Wazungu. Wembe hapana. Neno lenyewe ni la Kibantu: Mnyarwanda na Mrundi wanasema urwembe, Mswahili anasema wembe, wingi nyembe. Neno lililosambaa hivyo, toka milima ya maziwa makuu mpaka ufuoni, halikushuka toka jahazini.

Na kitu chenyewe? Mwingereza Verney Lovett Cameron alipita Maniema mwaka 1874 akielekea Nyangwe, na kitabu chake kilitoka mwaka 1877. Ni msafiri wa wakati wake, ana dharau zake, lakini macho alikuwa nayo. Anaeleza jinsi wanaume wa huku walivyosuka nywele pamoja na udongo mpaka zikawa kama pembe na vipande bapa, na katikati ya mafungu hayo kichwa kimenyolewa kabisa, ngozi tupu. Mtindo huo si wa pwani hata kidogo. Ni wa huku. Sasa wewe fikiri kama fundi: ili upate mstari safi wa ngozi kati ya pembe mbili za udongo, nyuma ya kichwa, bila kioo, unahitaji nini? Unahitaji makali ya kweli, na unahitaji mkono wa mtu mwingine. Makali yalipatikana hapahapa, kwani Cameron huyohuyo anaeleza tanuri na mivukuto ya wafua chuma wa Maniema. Mkono ulipatikana pia. Jina lake hakuna aliyeliandika, lakini kazi yake ilionekana kichwani mwa kila mwanaume aliyepita njiani.

Kisha wakaja wangwana, na Kiswahili hiki tunachoandika nacho. Kasongo ikawa makao ya Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, kuanzia karibu mwaka 1875. Tazama picha yake ile inayojulikana: kilemba juu, ndevu chini, nyeupe, zimepunguzwa vizuri. Hapo kuna badiliko ambalo wengi hatulioni. Kwa desturi ya Waislamu wa Zanzibar na Oman wa wakati ule, wembe ulikuwa wa kichwa. Kichwa kilinyolewa, kofia au kilemba kikakaa juu yake. Ndevu ziliachwa, na sharubu zikapunguzwa. Kwa hiyo mwanaume wa Kasongo aliyeanza kufuata mambo ya wangwana alibadilisha kwanza ramani ya kichwa chake kabla ya kubadilisha mengi mengine. Pembe za udongo ziliondoka. Kichwa kikawa duara safi.

Na wembe ukapata siku zake maalumu. Mtoto akifikisha siku saba, akika: anachinjiwa, ananyolewa, na uzito wa zile nywele unatolewa sadaka kwa fedha. (Salamabila, mji ambao kila duka la pili lina kamizani ka dhahabu, shida ya kupima nywele za mtoto hatuna.) Ukifika msiba, katika makabila mengi ya Kongo wafiwa wananyolewa. Mtu anaingia duniani kwa wembe, na wembe unamsindikiza ndugu yake anapoondoka. Siku zote hizo hakuna anayejishikia wembe mwenyewe. Mimi nilinyolewa utotoni na bibi yangu, kiwembe kitupu kati ya vidole viwili, maji ya baridi, na ukitikisika unakula kofi. Sikuwahi kujiuliza kama bibi alijua kazi. Alikuwa bibi.

Ile methali nyingine, ya ukiona mwenzako ananyolewa zako tia maji, tumeigeuza onyo la siasa: mawaziri wakianza kufukuzwa, tunaitoa. Lakini isome kama fundi anavyoisoma. Inatueleza kwamba watu walikaa kwenye foleni, kinyozi alikuwa mmoja, wembe mmoja, na aliyefuata alilowesha nywele zake mapema ili zamu yake ikifika ziwe laini. Ni somo sahihi kabisa. Unywele mkavu ni mgumu kama waya mwembamba. Ukinywa maji kwa dakika mbili tatu unavimba na kulegea, na makali yanapita. Kila kitabu cha kunyoa cha Ulaya kinaanza na maji. Sisi tuliweka hilo kwenye methali.

Ulaya nayo ilikuwaje? Hapa vijana wanashangaa. Nako, mwanaume wa kawaida alikwenda kwa kinyozi. Mwaka 1769 fundi visu mmoja wa Paris, Jean-Jacques Perret, alitoa kitabu kinachoitwa La Pogonotomie, na jina lake linaendelea kusema kwamba ni sanaa ya kujifunza kujinyoa mwenyewe. Kama ilibidi kuandika kitabu kizima, ni kwamba jambo lilikuwa geni. Perret alibuni hata wembe wenye kizuizi cha mbao, kama randa ya seremala, ili makali yasizame. Alijua wanafunzi wake watajikata.

Kilichowezesha mambo hayo ni chuma. Miaka ya 1740, huko Sheffield, Uingereza, Benjamin Huntsman alipata njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo, kikatoka sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, bila sehemu laini na sehemu ngumu. Wembe wa chuma hicho ungeweza kunolewa mpaka ukawa mwembamba sana na bado ukashika makali. Sheffield na Solingen ya Ujerumani zikawa miji ya nyembe, Thiers ya Ufaransa ikawa ya visu. Chuma hicho, pamoja na kioo kilichoshuka bei, ndivyo vilivyomtoa kinyozi ndani ya nyumba za matajiri, na hata hivyo polepole.

Aliyemaliza kazi ni Mmarekani King Camp Gillette. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa biashara yake, aliuza nyembe 51 tu na viwembe 168. Mwaka uliofuata akapata hati ya ubunifu wake, na ilipofika vita ya kwanza ya dunia jeshi la Marekani liliwagawia askari wake mamilioni. Askari wakarudi nyumbani na tabia mpya: kila mtu na uso wake, asubuhi, peke yake, dakika tano. Kwa hiyo hiyo picha ya mwanaume mmoja mbele ya kioo, ambayo leo tunaiona kama ya asili kabisa, kwa watu wengi haijafikisha miaka mia na hamsini. Ni kitoto.

Kasongo ilianguka mikononi mwa jeshi la Dhanis tarehe 22 Aprili 1893. Daktari Hinde, aliyekuwa katika jeshi hilo, aliorodhesha mali waliyoikuta: mishumaa, sukari, viberiti, bilauri za kioo, magodoro ya hariri. Nyembe hazitaji. Simlaumu, nani anaorodhesha wembe? Lakini baada ya siku ile ramani ya kichwa ikageuka tena. Mzungu alitaka uso usio na ndevu, na nywele zibaki kichwani, fupi, zenye mstari. Wembe ukashuka toka utosini hadi shavuni.

Wazee walioitwa évolués walilijua hilo vizuri. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya sifa za uraia, na mwaka 1952 ikaja ile immatriculation, ambayo ili uipate watu walikuja kukagua mpaka nyumbani kwako: unakulaje, unalalaje, mke anakaaje. Tazama picha za miaka ile. Mashavu yanang'aa. Uso ulionyolewa ulikuwa karatasi ya kwanza kusomwa kabla ya karatasi zenyewe. Halafu tazama Lumumba, mtoto wa Onalua, majirani zetu wa Sankuru, ambaye naye kadi ile aliipata. Mwaka 1960 ana ndevu zake za kidevuni na sharubu, zimechongwa kwa mistari mikali. Sitaki kumwekea maneno mdomoni, labda alipenda tu. Ila kwa mtu wa historia, ndevu zile kwenye meza moja na Wabelgiji walionyoa zinasema kitu. Na kwa mtu wa saloni zinasema kingine: mstari ule hauchongwi bila mkono mzuri.

Bon. Tumefika mahali pa uchungu.

Huko Tanzania na Kenya wana msemo, wembe ni ule ule, yaani kilichompata fulani kitakupata na wewe. Nao ulianza kama ukweli mtupu: kweli wembe ulikuwa ule ule, kwa foleni nzima. Mwaka 1983 madaktari toka Ubelgiji na Marekani walikuja Kinshasa kuchunguza ugonjwa mpya, na mwaka 1984 ukaanzishwa Projet SIDA. Baada ya hapo kila mtu wa rika la wazazi wetu alifundishwa kitu kimoja: wembe hauazimwi. Kiwembe kipya, mtu wake mmoja, kisha shimoni. Kwenye akika, kwenye tohara, kwenye chale, kwa kinyozi.

Kuna wapenzi wa mambo ya zamani wanaolalamika kwamba kampeni zile ziliua ufundi. Mimi nakataa. Ukimwi ndio tuliokuwa tukiuogopa, na tulikuwa na haki, lakini kwa wembe hatari kubwa zaidi ni hepatiti B, ambayo virusi vyake vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba na zaidi, kwenye tone la damu iliyokauka usiloliona. Mtu anakatwa kidogo Jumatatu; mwingine anaambukizwa Alhamisi; na ini linakuja kusumbua miaka mingi baadaye, wakati hakuna anayekumbuka saloni. Kwa mji kama wetu, uliojaa watu waliotoka kila pembe na ambako hospitali kubwa iko mbali, hiyo si habari ndogo.

Lakini ni kweli kitu kilipotea. Zamani ulimwamini mkono. Sasa tunaamini karatasi: mteja anataka aone kiwembe kinafunuliwa mbele ya macho yake. Mashine ya umeme ikamaliza, tukabaki na vijana wanaojua kuchonga mstari wa paji la uso lakini kunoa hawajui, na hawana wa kumuuliza.

Kwa hiyo kwa anayetaka saloni, jibu langu halina mzunguko. Wembe wa kunoa usiupitishe kwa mteja wa kwanza halafu wa pili. Kuupangusa kwa manukato hakusaidii kitu, na kuuchoma kwenye moto wa kiberiti kunaharibu ugumu wa chuma na kukupa imani ya uongo. Chombo cha kuutakasa kweli, cha mvuke wenye shinikizo, kiko hospitalini, hakiko saloni. Chukua ule mpini unaofanana na wembe wa kukunja lakini unapachikwa nusu ya kiwembe cha kawaida. Mteja akishuka kitini, kiwembe kinatupwa kwenye kopo lenye mfuniko. Sura ni ileile ya video, mkono unaohitajika ni uleule, na usiku unalala.

Wembe wa kweli, wa kunoa, uwe wa uso wako peke yako. Hapo sasa tunaivunja methali, kwa hiyo twende polepole.

Wembe mpya wa dukani, hata wa bei, mara nyingi hauko tayari kwa ndevu. Ulinolewa kiwandani kwa haraka. Unahitaji kinoo laini sana, si jiwe la kunolea panga, na baada ya kinoo ukanda wa ngozi. Kwenye ukanda mgongo wa wembe unatangulia, makali yanafuata nyuma. Ukifika mwisho unaugeuza juu ya mgongo wake, unarudi. Mara thelathini hivi kabla ya kila kunyoa, bila kukandamiza. Kinoo unakirudia baada ya miezi tu. Wanaoanza wanafanya kinyume, wananoa kila siku kwenye jiwe na ukanda hawaujui, wanamaliza chuma bure.

Mkono ufundishe mahali ambapo hakuna damu. Wanafunzi wa unyozi sehemu nyingi wanapaka povu kwenye puto na kulinyoa, likipasuka, umeelewa. Baada ya hapo, usoni, wiki ya kwanza shavu tu, upande wa mkono wako wa nguvu, na kilichobaki maliza na kiwembe chako cha kawaida. Tia maji, kama walivyosema. Sabuni ya povu zito. Kati ya mgongo wa wembe na ngozi ibaki nafasi ya unene wa migongo miwili: ukiulaza zaidi unavuta nywele, ukiuinua unakata ngozi. Mwendo ni wa kwenda mbele tu. Ukiusogeza pembeni, kama mtu anayekata mkate, utaona.

Na hapa niseme kitu ambacho video nyingi hazikisemi, kwa kuwa zimefanywa na watu wenye nywele zilizonyooka. Wanakuambia vuta ngozi kwa nguvu, nyoa kufuata nywele, kisha rudia kinyume chake mpaka shavu liwe kama la mtoto. Kwa ndevu zetu za kujikunja, hiyo njo njia ya kupata vipele. Ukivuta ngozi sana na kunyoa kinyume, unywele unakatwa chini ya ngozi, ukiachiwa unazama, na kwa kuwa umejikunja unaota kurudi ndani. Ngozi inavimba, shingo inajaa, mtu anadhani sabuni mbaya. Ugonjwa huo unawapata zaidi watu weusi, na katika jeshi la Marekani umeleta ugomvi wa miaka na miaka kati ya askari weusi na sheria ya kunyoa kila siku. Wewe shika ngozi itulie tu, usiivute kama ngoma. Fuata upande nywele zinakoelekea, mara moja, halafu acha. Shavu likibaki na ukwaru kidogo, liache hivyo. Uzuri wa wembe wa makali mamoja ni kwamba unakuruhusu kuacha. Vile vya makali matatu na matano vinauvuta unywele kabla ya kuukata, hata usipotaka. Shingo ikishajaa vipele, pumzika kabisa wiki kadhaa kabla ya kujaribu tena.

Ukijikata, na utajikata, shabu: lile jiwe jeupe linaloangaza. Lilowesha, gusa, ngoja. Linachoma kidogo na damu inakata. Lako pia, usiliazime.

Mwisho ni kutu. Maniema ni nchi ya mvua na hewa nzito, na chuma cha wembe mzuri si kile kisichoshika kutu. Ukimaliza, suuza, kausha kwa kitambaa, upitishe kwenye ukanda mara chache uondoe unyevu makalini, uuache wazi kidogo kabla ya kuukunja. Ukikaa siku nyingi bila kuutumia, tone la mafuta ya cherehani linatosha. Mawese tuyaachie sombe. Na kama ukanda wa kinyozi haupatikani sokoni Salamabila wala Kasongo, mkanda wa suruali wa ngozi ya kweli, mpana, usio na mshono wala maua ya kuchongwa, unafaa kwa kuanza. Ufunge msumarini upande mmoja, upande mwingine uvute kwa mkono wa kushoto. Wa plastiki hapana.